Uzi: Mwanangu alikaa, halafu akaganda. Nilitazama miguu, kumbe nilitakiwa kutazama kadi ya kliniki

MamaWaWete

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Kila wiki nasoma humu maswali ya kina mama. "Wangu ana miezi tisa hatambai." "Wa wifi yangu ana miezi kumi anatembea, wangu hata kusimama dede bado." Nikiyasoma nakumbuka mwaka wa kwanza wa mwanangu wa pili, huku Wete, Pemba. Nimeamua kuuandika wote, maana kuna jambo nililichelewa kuliona na sipendi mwengine alichelewe.

Alizaliwa kilo 3.1. Siku ya nne mizani ikasema 2.9, mama mkwe akaingia hofu kuwa maziwa yangu hayatoshi. Mkunga akatutuliza: mtoto mchanga hupungua siku za mwanzo, hata sehemu moja ya kumi ya uzito wake, kisha ndani ya wiki mbili hurudi alipozaliwa. Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya hapo alikuwa anapanda, gramu 25 mpaka 30 kwa siku. Hajafika miezi mitano, uzito wake wa kuzaliwa ulishakuwa mara mbili. Shingo ilikaza mwezi wa tatu, wa tano akajipindua, wa saba akakaa kwenye busati peke yake bila mto wa kumzuia. Nikaona mambo yangu mazuri.

Hapo hapo akaganda.

Mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi: amekaa tu, anatazama wenzake. Ukimnyanyua umsimamishe, magoti yanakunja kama hayana habari na ardhi. Jirani yangu ana mtoto mdogo kuliko wangu kwa mwezi mzima, naye keshashika ukuta wa baraza anauzunguka. Mnayajua maneno ya watu. Mmoja akasema tumchimbie kishimo mchangani pwani, tumsimamishe humo mpaka kiunoni. Mwengine akaniletea lile gari la plastiki la magurudumu. Mama mkwe akawa anamkanda mafuta ya nazi asubuhi na jioni, na mimi mchana nimemshika kwapani namwimbia "dede, dede" mpaka mikono inaniuma. Nyumba nzima tunahangaika na miguu.

Kadi ya kliniki wakati wote iko mkobani. Mwezi wa tisa nilikwenda nayo kwenye chanjo ya surua, akaning'inizwa kwenye mizani, ikaandikwa namba, nikarudi nyumbani. Sikuambiwa kitu na mimi sikuuliza.

Mwezi wa kumi na moja nikakutana na nesi mmoja mtu mzima. Nilipomwambia mtoto hasimami, hata miguu hakuigusa kwanza. Aliifungua kadi juu ya meza, akaweka kidole kwenye kitone cha mwezi wa sita, kilo 7.6, akakiburuta taratibu: 7.8, 7.8, 7.9, 8.0. Mstari uliokuwa unapanda mlima ukawa umelala kama jamvi. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu mtoto alianza kula lini?" Nikamwambia mwezi wa sita. Akanyamaza, akanitazama. Nikaelewa mwenyewe kabla hajasema neno.

Alikuwa anakula nini? Uji wa mchele mwepesi wenye sukari. Boflo lililochovywa kwenye chai ya mkandaa. Muhogo uliopondwa na tui. Nikidhani namlisha vizuri, tumbo linajaa na analala.

Nesi akamvuta mtoto kope ya chini, akaweka kiganja cha mtoto karibu na changu. Changu chekundu, chake kama karatasi. Akapimwa malaria, hana. Akapimwa wingi wa damu: 8.4. Mtoto wangu damu haikuwa inamtosha.

Alivyonieleza ndivyo nitakavyowaeleza. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma aliyopewa na mama tumboni. Akiba ile humbeba kama nusu mwaka. Maziwa ya mama yana chuma kidogo, hata kama hicho kidogo kinaingia mwilini vizuri, kwa hiyo baada ya mwezi wa sita kilichobaki lazima kitoke sahanini. Kwenye sahani ya mwanangu hakikuwepo, na chai niliyokuwa nampa ilikuwa inakifunga hata kile kidogo kisipite. Chuma ndicho kinachobeba hewa kwenye damu kwenda kwenye misuli. Tena kinahitajika kutengeneza ule utando wa mafuta unaofunika mishipa ya fahamu, ambao bila yake amri ya kichwa inafika mguuni kwa kuchelewa. Mtoto asiye nacho huchoka, hutulia, hapendi kujaribu. Sisi tulikuwa tunamwita "mpole".

Baadaye ndugu yangu anayesoma mambo ya afya akanionesha kwamba jambo hili limetafitiwa hapa hapa Pemba, na nilipolisikia nililia. Utafiti uliochapishwa 2005 ulifuata watoto wachanga wa kwetu ukaona upungufu wa chuma na udogo wa mwili vinahusiana na lini mtoto atatembea, ila kutambaa havikuhusiana nako. Mwingine wa 2006 uliwatazama watoto walioanza wakiwa na miezi 5 mpaka 11: waliopewa chuma na asidi ya foliki, ambayo ni vitamini, walitembea wenyewe mapema kuliko wasiopewa. Watoto wa visiwa vyetu ndio waliofundisha ulimwengu jambo hili, na mimi mzaliwa wa hapa nilikuwa silijui.

Tulipewa dawa ya maji ya chuma kwa kipimo cha kilo zake, miezi mitatu. Chai nikaikata siku ile ile. Dagaa nawakaanga bila chumvi, nawasaga, nachanganya kwenye wali laini na mchicha. Ini mara mbili kwa wiki, limepondwa. Yai. Choroko za nazi. Baada ya chakula chungwa au papai, maana yale matunda yanasaidia chuma kuingia. Uji ukawa mzito wa kusimama kwenye kijiko, na juu yake njugu zilizosagwa laini kabisa.

Mwezi wa kwanza alipanda gramu 400. Wa pili akaanza kusota kwa makalio ukumbi mzima. Kutambaa kwa magoti hakuwahi mpaka leo. Akiwa na miezi kumi na tano, uani, karafuu zimeanikwa pembeni, aliniachia kidole akaenda tata hatua nne mpaka kwa bibi yake. Bibi yake akatupa ukili wa mkeka aliokuwa anasuka.

Haya, ulizeni na mimi nitauliza pia. Bado najifunza.

---

MpembaMaskati

Wa alaykum salaam dada. Umeandika kitu kikubwa.

Naongeza moja kutoka huku niliko. Zile chati za ukuaji zilizomo kwenye kadi, za Shirika la Afya Duniani, zilitolewa 2006, na moja ya nchi sita walizopimia watoto ni Oman. Nyengine ni Ghana, India, Brazil, Norway na Marekani. Walichagua watoto wanaonyonya, mama havuti sigara, nyumba ina uwezo, kisha wakaona kwamba watoto wa nchi zote hizo wanakua karibu sawa. Kwa hiyo mtu asikwambie "sisi watoto wetu wadogo kwa asili". Mtoto wa Konde huko Pemba akilishwa vizuri na asipouguaugua, anakwenda mwendo wa mtoto wa Maskati na wa Oslo.

Kwa wastani mtoto wa kiume huzaliwa kilo 3.3 na sentimita 50, akitimiza mwaka ana kilo 9.6 na sentimita 76 hivi. Wa kike 3.2 na 49, mwaka 8.9 na 74. Ni wastani huo, jamani. Mtoto anayekwenda kwenye mstari wake wa chini mwaka mzima bila kuuacha ni mzima kuliko mnene anayeporomoka.

Na kwenye kutembea walipima pia. Kukaa bila kushikwa: kutoka karibu miezi 4 mpaka 9.2. Kutambaa kwa mikono na magoti: 5.2 mpaka 13.5. Kusimama peke yake: karibu 7 mpaka 16.9. Kutembea peke yake: 8.2 mpaka 17.6. Mtaona upana wake. Mmoja anatembea wa nane, mwengine wa kumi na saba, wote wazima. Na watoto wanne hivi katika kila mia hawakutambaa kabisa. Dada, mwanao alikuwa mmoja wa wanne hao.

---

MamaPachaFuoni

Naomba nisaidiwe. Pacha wangu walizaliwa wiki nane kabla ya wakati, nilikuwa nawabeba kifuani ngozi kwa ngozi wodini karibu mwezi. Sasa wana miezi minane. Mmoja anakaa kwa kuegemezwa, mwengine ndio kwanza anajipindua. Wifi zangu wanasema wamechelewa sana. Wananyonya na kilo zinapanda.

---

MuuguziNgambo

MamaPacha, usiwahesabie kuanzia siku waliyozaliwa, hesabu kuanzia siku waliyotakiwa kuzaliwa. Toa zile wiki nane. Kwa kazi za mwili wanao wana miezi sita, na mtoto wa miezi sita anajipindua na anakaa kwa kuegemezwa. Hesabu hiyo tunaitumia mpaka mtoto atimize miaka miwili. Kwenye chanjo haitumiki, chanjo hufuata tarehe ya kuzaliwa. Waambie wifi zako hivyo hivyo.

Sasa kwa mwenye uzi na wengine wote. Mimi ni muuguzi wa watoto na nataka nizungumze upande wa pili, maana naogopa watu wakishasoma "wote wazima" watabaki kungoja. Neno linaloniumiza zaidi kazini ni "tulimsubiri, tukasema atakaa tu". Wengine wananiletea mtoto wa miezi kumi na nne shingo bado inaanguka. Miezi kumi na nne! Mtoto yule alitakiwa kuonwa wa nne.

Mlete mtoto akitimiza miezi minne na shingo haijakaza. Mlete ikiwa miezi tisa imepita na hakai mwenyewe. Mlete ukiona ngumi zimefungwa muda wote baada ya mwezi wa tatu au wa nne, au miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi ukimnyanyua, au kinyume chake amelegea kama kitambaa kilicholowa. Na hili watu wengi hulifurahia kumbe ni dalili: mtoto chini ya mwaka anayetumia mkono mmoja tu. Sio kwamba atakuwa wa kushoto. Umri huo mikono yote miwili inatakiwa ifanye kazi, ukiona mmoja umelala uoneshe. Kubwa kuliko yote ni mtoto aliyekuwa anakaa akaacha kukaa, aliyekuwa anashika akaacha kushika. Huyo usimngoje hata wiki.

Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyekuwa na umanjano mkali, aliyepata degedege au homa ya uti wa mgongo, huyo tumfuatilie kwa karibu zaidi. Mtindio wa ubongo, yaani ubongo kuumia mapema ukashindwa kuongoza misuli vizuri, hauondoki kwa dawa, lakini mazoezi yakianza mapema mtoto anafika mbali. Hauji kwa jicho la mtu wala kwa kosa la mama. Mama wengi hufichwa ndani na watoto wao kwa aibu ambayo si yao.

---

BibiWaJambiani

Wanangu, na mimi niseme. Mmemtaja mama mkwe na mafuta ya nazi kama vile alikuwa anapoteza wakati. Siye tumekanda watoto mia. Unamnyoosha mikono, unamvuka miguu, unamgeuza kifudifudi mapajani, mtoto anacheka na analala. Wangu saba wote walitembea kabla ya mwaka.

---

MamaWaWete

Bibi, shikamoo, na unisamehe. Sikuwa na nia ya kumdharau mama mkwe. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi njema, ila gari halikuwa na mafuta.

Na ninakuunga mkono. Yule ndugu yangu alinisimulia kuhusu watoto wa Kipsigis, jirani zetu wa Kenya. Mwaka 1976 ilichapishwa kuwa wanakaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, na sababu iliyoonekana ni kwamba mama zao wanawafundisha makusudi: wanawakalisha, wanawasimamisha, wanawarusharusha mapajani. Kutambaa hawakufundishwa, na kwenye kutambaa hawakutangulia. Kwa hiyo mazoezi yana kazi yake, bibi, ulisema kweli.

Jambo jengine nililopenda. Mtoto mchanga ukimshika wima nyayo ziguse kitanda, anapiga hatua. Baada ya miezi miwili hivi anaacha. Zamani ilidhaniwa ni ubongo tu umebadilika. Miaka ya themanini mtafiti mmoja wa Marekani, Esther Thelen, akawatia watoto wa umri ule kwenye maji mpaka kifuani, hatua zikarudi! Miguu ilikuwa imenenepa haraka kuliko nguvu zake, maji yakaipunguzia uzito. Nikikumbuka mwanangu anavyokunja magoti nafikiria hilo: mwili na nguvu lazima viende pamoja.

---

MuuguziNgambo

Bibi wa Jambiani, ombi langu kwako ni moja tu, mkono uwe mwepesi na utosi usikandwe. Na kile cha kumlaza kifudifudi mapajani ni kizuri mno. Mtoto akiwa macho na wewe uko karibu, mlaze kifudifudi mara kwa mara tangu siku za mwanzo, ndipo shingo na mabega yanapopata nguvu. Akilala usingizi mlaze chali.

---

MkaaziMjiMkongwe

Mwenye uzi, lile gari la magurudumu ulilitumia? Langu limeletwa zawadi, mtoto ana miezi saba na nyumba yetu ni ghorofa, ngazi za mbao.

---

MamaWaWete

Siku tatu tu, nikalirudisha. Nilimwona anasukuma kwa ncha za vidole, kisigino hakigusi chini, wala hajioni miguu yake.

---

MuuguziNgambo

Kwa ngazi zenu za Mji Mkongwe, nakuomba kwa Mungu usilitumie. Canada walipiga marufuku kuyauza tangu 2004 kwa ajili ya watoto kuporomoka nayo. Halimfundishi kutembea, tena linaweza kumchelewesha. Tandika busati, weka kiti kizito au kinu ajinyanyulie. Basi.

---

BabaWaNungwi

Kina mama, samahani kuingia. Mwanangu wa kike miezi kumi, kilo 7 tu, alikuwa 6.8 mwezi wa saba. Ni "mpole" kama alivyoandika dada. Anashinda na chai na maandazi kwa bibi yake, sisi tuko kazini hotelini. Nimesoma uzi huu usiku nikaenda kumtazama viganja kwa tochi ya simu. Nataka niende duka la dawa asubuhi ninunue hiyo dawa ya chuma. Nitaje jina gani?

Na jengine: ameota meno ya juu kwanza. Mama yangu ananong'ona kuhusu kigego, ati mtoto wa hivyo ana nuksi.

---

MuuguziNgambo

Baba, usinunue. Nasikia haraka yako na ni ya mzazi mwema, lakini nisikilize.

Hapa hapa Pemba palifanywa utafiti mkubwa, watoto wa mwezi 1 mpaka 35, wakapewa chuma na asidi ya foliki kila siku bila kupimwa mmoja mmoja kama wana upungufu. Wakati ule malaria ilikuwa nyingi kwetu. Mwaka 2003 sehemu ile ikasimamishwa, kwa sababu waliopewa walilazwa na kufariki zaidi ya wenzao. Matokeo yakatoka 2006 na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake. Lakini kulikuwa na kundi dogo lililopimwa: wale waliokuwa na upungufu wa kweli, na malaria ikiangaliwa na kutibiwa, dawa iliwafaa. Ndiyo maana mwana wa dada alipimwa malaria na damu kwanza, kisha akapewa. Kwa mpango huo huo.

Kesho mpeleke kituo cha afya na kadi yake. Omba wampime kilo, urefu kwenye ule ubao, na mzunguko wa mkono kwa utepe. Utepe ukisoma chini ya sentimita 12.5 wataanza kumfuatilia, chini ya 11.5 ni hatari na ataanzishiwa matibabu. Waambie anakula nini, usione haya. Dawa yoyote ya chuma utakayopewa iweke juu, mbali na mtoto, ukiifungua tu ifunge. Mtoto akiinywa chupa nzima ni sumu.

Meno: ya chini hutangulia kwa wengi, ya juu kwa wachache, na mtoto ni mzima. Mwambie mama kwa upole. Na asali asipewe kabla ya mwaka, hata tone, hata la kupaka ufizi.

---

MamaWaWete

Baba wa Nungwi, usimlaumu bibi kwa maandazi. Mpikie mwenyewe jioni: dagaa wa kusaga, boga, mafuta kijiko kimoja. Weka kwenye kibakuli chenye mfuniko, mpelekee bibi asubuhi na umwambie "hiki ndicho chake". Mama mkwe wangu alikubali siku nilipomwonesha kile kiganja.

---

BabaWaNungwi

Tumerudi sasa hivi. Kilo 7.0, urefu 69, mkono 12.2. Malaria hana. Damu 8.9. Amepewa dawa na tumeambiwa turudi baada ya wiki mbili. Nesi alichora kitone kipya kwenye kadi mbele yangu na akanifundisha kuisoma, mara yangu ya kwanza kuishika.

Mama yake yuko jikoni anachambua dagaa. Bibi kaja na choroko zake mwenyewe kutoka nyumbani, kaziloweka.

---

MamaWaWete

Alhamdulillah. Wiki mbili zikifika niandikie kilo zake hapa hapa.